Viatu vya Baba Visivyo na Kamba

3 Machi

Kwa Mjomba, fundi wetu,

Shikamoo. Naandika huku Bonge amenilalia begani, udenda wake unachuruzika mpaka kwenye kola yangu, kwa hiyo ukiona herufi zinasinzia ujue mwandishi naye anasinzia. Sisi wazima. Bonge meno yanamtoka, anauma kila anachokifikia: kijiko, mguu wa meza, sikio langu. Mume wangu yuko safarini na lori lake. Akirudi hulala, akiamka huondoka. Baba hajambo. Anakusalimu wewe na mkazamjomba, na anauliza kama masikio yako yamezibuka au bado yanasikia nyundo tu. Ndiyo maana nakuandikia. Kukupigia simu wewe ni sawa na kuongea na soli.

Sasa Mjomba, kaa chini kwanza.

Unajua harusi ya kitinda mimba wetu ni mwezi wa saba. Nikamwambia Baba tukuombe umshonee viatu vipya. Nilijua atataka vilevile vya siku zote: vyeusi, vya kamba, soli ya ngozi. Wewe unamjua huyo mtu. Miaka yote ya ukarani wake mahakamani alikuwa anafunga kamba, anazikagua, anazifunga tena, ndipo anatoka. Alitufundisha kwamba mtu asiyejua kufunga kamba zake hata mdomo wake hataweza kuufunga. Basi jana, bila kuinua macho kwenye gazeti, akasema, "Nataka visivyo na kamba. Vya kutumbukiza mguu. Vya lastiki ubavuni."

Nusura nimwage maziwa ya mtoto.

"Baba, vya lastiki? Wewe?"

"Kwani mimi sina miguu?"

Nikadhani ni utani. Haukuwa utani. Rangi anataka damu ya mzee! Nikamwambia, "Baba, si nyeusi ndiyo rangi yako?" Akasema nyeusi aliivaa kwa ajili ya mahakimu, na hakimu hakualikwa harusini. Pua ya kiatu iwe pana na ya mviringo, isibane. Kiatu kipande juu, kifunike mgongo wa mguu wote. Lastiki ifichwe, isionekane kabisa. Kisigino kifupi. Na bitana, ile ngozi ya ndani, iwe nyeusi. Hilo amelirudia mpaka nikachoka: "Mwandikie, bitana nyeusi. Usisahau." Bitana haionekani na mtu, sijui inamkera nani, lakini nimetumwa na nimefika.

Alama za miguu yake, wa kushoto na wa kulia, nimezichora kwenye karatasi kama ulivyotuzoesha. Ziko humu ndani.

Nikiendelea nitalala juu ya meza. Mimi, binti ya dada yako.


20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na Bonge naye marahaba, ingawa kwa meno hayo hajui kuamkia. Huku kwetu tunavutana na goti la mkazamjomba. Limevimba hata ngazi mbili hapandi, na sioni kama tutaweza kusafiri mwezi wa saba. Hilo linanikata maini, maana kitinda mimba wenu nilimbeba mimi kutoka hospitali siku aliyozaliwa. Mwambie shemeji masikio yangu hayajambo, ila yamechagua ya kusikiliza.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Niliporudia sikucheka.

Tuanze na lastiki. Njia ziko mbili. Ya kwanza, natia kipande cha pembetatu kila ubavu, kinaonekana, kiatu kinavuta na kurudi kama kinapumua. Ya pili ndiyo anayoitaka yeye: naificha chini ya ulimi wa ngozi, anayetazama anaona kiatu kizima kama kimemiminwa. Hiyo ni nzuri kwa macho, lakini inabana mgongo wa mguu, na mguu ukivimba hauna pa kwenda. Je, miguu ya shemeji inavimba jioni? Uangalie wewe. Usimuulize yeye.

Bitana nyeusi sishoni. Bitana yangu ni ngozi isiyotiwa rangi, na nina sababu: kinachotokea ndani ya kiatu lazima kionekane. Mwambie nimekataa, na ukimwambia umtazame usoni.

La mwisho, na hapa ulinishtua. Umeniletea mguu mmoja mara mbili! Umechora wa kushoto, ukageuza karatasi, ukapitisha kalamu juu ya mstari uleule. Utajiuliza nimejuaje. Baba yako aliangukiwa na kabati la mafaili, kidole kimoja cha mguu wa kushoto kikapinda mpaka leo. Kwenye karatasi zako kimepinda huku na huku. Aliangukiwa na makabati mawili?

Nataka mguu wa kulia. Asimame, uzito wote juu yake, mguu mtupu bila soksi. Na achorwe na wewe.

Mjomba wako asiyedanganyika kwa karatasi.


9 Aprili

Mjomba wangu mchawi,

Shikamoo. Pole kwa goti la mkazamjomba. Mwambie namwombea kila ninapoinama kuokota kijiko cha Bonge, yaani siku nzima. Kitinda mimba wetu amekuja na mchumba wake, wamechagua hata rangi ya vitambaa vya meza. Mume wangu alilala nyumbani kwa mara ya kwanza tangu nilipokuandikia. Bonge alimlilia kama mgeni.

Nilipoiona sehemu ya kabati la mafaili nilibaki mdomo wazi. Ni kweli. Nilikuwa nimeshachora wa kushoto, Bonge analia, mimi mwenyewe macho yanafumba. Baba akasema, "Wa kulia ni pacha wake, geuza karatasi umalize." Nikageuza. Sikujua kwamba hata karatasi huwa inasengenya.

Kuhusu bitana nilimtazama usoni kama ulivyosema. Alilikunja gazeti taratibu, akasema, "Mjomba wako ana kiburi cha mafundi. Basi mwambie kahawia iliyokoza." Nikamwambia, "Simama nikuchore." Akasema ana karatasi yake na kalamu yake na mkono wake. Akafunga mlango. Baadaye, Mjomba, karatasi ikateleza kutoka chini ya mlango, kama tunaishi na mfungwa! Nimeshangaa, nimecheka, nimeitia kwenye bahasha. Mstari ni mnene kidogo, nadhani alikuwa na soksi. Kama miguu inavimba sijui, maana miguu yake siioni. Soksi anazivaa asubuhi na kulala nazo.

Halafu nikupe maajabu ya mwaka. Baba anafua! Mtu ambaye hajawahi kufua leso tangu nizaliwe, sasa anafua soksi zake mwenyewe, mapema kabla sijaamka, anazianika nyuma ya nyumba. Nadhani ananionea huruma. Nilipoziona mara ya kwanza kwenye kamba machozi yalinilengalenga.

Na juzi Bonge ametuvunja mbavu. Alitambaa chini ya meza akakikamata kidole cha babu yake, akakiuma kupitia soksi, meno yote. Baba anasoma gazeti, hata kope hakupepesa. Nikamwambia, "Baba, unaliwa huko chini!" Ndipo akashtuka akavuta mguu. "Huyu ana meno ya pamba," akasema. Ya pamba! Mimi alama yake iko mkononi mpaka leo.

Basi tushonee. Muda unakwenda. Mwenye mikono miwili na kazi za mikono sita.


4 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti liko vilevile. Nimechelewa kujibu. Nilianza barua, nikaichoma kwenye jiko la gundi. Nikaanza nyingine, nikaichoma nayo.

Ile karatasi iliyopita chini ya mlango siitumii. Ngozi sijaikata na siikati.

Mvue baba yako soksi. Wa kulia. Usiombe ruhusa, maana atakunyima. Fanya asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, na mtoto awe mbali.

Sina la kuongeza. Si kwamba halipo.


8 Mei

Shikamoo Mjomba. Salamu nyingine leo sina.

Nilifanya kama ulivyosema. Baba alikuwa dirishani ananyoa, povu limejaa mashavuni. Nikapiga magoti na beseni la maji ya uvuguvugu.

"Lete mguu, Baba."

"Wa nini?"

"Wa kulia."

Wembe ukasimama shavuni. "Nimesema hapana."

Hakuwa amesema chochote. Nikamwambia, "Na mimi nimesema lete." Sijawahi kumjibu baba yangu hivyo maishani. Nilishtuka kuisikia sauti yangu. Naye alishtuka, maana aliuleta.

Soksi haikutoka. Ilikuwa imeganda kwenye ngozi. Niliilowesha, nikaivuta kidogo kidogo, na harufu iliyotoka ilikuwa kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chupa. Mjomba, kidole chake cha mwisho ni cheusi. Sisemi kimechubuka. Nasema ni cheusi, kama mkaa. Jirani yake anaelekea hukohuko. Na chini ya wayo, penye unene wa kidole gumba, kuna shimo ambalo kidole cha mtoto wangu kingeingia. Nikachukua kiatu chake cha zamani, kile anachotumbukiza bila kufungua kamba, nikatia mkono ndani. Msumari wa soli umechomoza. Amekuwa akiukanyaga kila siku, kwenda kununua gazeti na kurudi, na hajui.

Nikakibonyeza kidole kile. "Unasikia, Baba?"

"Nasikia nini?"

Nilikuwa nimekibonyeza kwa nguvu zangu zote.

Nilitoka nje nikashika ukuta. Niliporudi, povu likiwa limemkaukia usoni, unajua neno lake la kwanza? Si pole, si usilie. Alisema, "Mjomba wako amekwambia."

Kwa hiyo ulijua.

Nimempeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Ni sukari. Imekuwa ndani yake muda mrefu, imeua hisia za mguu, haumii hata akichomwa. Vidole hivyo viondolewe sasa, ndani ya wiki chache hizi. Akingoja, daktari alipitisha kiganja chini ya goti, hivi, kama anakata mkate. Baba akavaa kofia yake, akasema, "Baada ya harusi." Mwanawe wa mwisho anaoa, mama yetu hayupo, yeye ataingia pale kwa miguu yake miwili. Eti Mama naye aliingia hospitali kwa miguu yake, na sote tunajua alivyotoka. Tangu hapo amejifungia chumbani.

Ulijua tangu lini? Na usinijibu kwa lugha ya soli na bitana.


13 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo hiyo najua uliitoa kwa kuuma meno.

Nilijua tangu nilipokuja kwenu mwanzoni mwa mwaka. Nilimkuta bafuni anafuta damu sakafuni, na kidonda hakizidi punje ya mhindi. Akaniapisha kwa jina la dada yangu, mama yako. Alisema kitafunga chenyewe. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Halafu ikaja oda yake ya viatu, nami nikaisoma kama mtu anavyosoma uso. Viatu vya kamba vinataka mtu ainame. Mgongo wa shemeji hauinami tena siku hizi, kwa hiyo ungeinama wewe, na ungeona. Vya lastiki mtu hujitumbukizia mwenyewe. Pua pana, kwa sababu ya kidole. Bitana nyeusi, ili damu isionekane. Kila alichochagua kilikuwa pazia, mpwa wangu, na mimi ndiye niliyetakiwa nilishone. Nikakataa bitana, nikadai mguu mtupu, nikidhani nitakufikisha kwenye soksi bila kuvunja kiapo. Kiapo sikukivunja, nilikizunguka. Na wakati nazunguka, kidole kikafa.

Nilipombana siku ile bafuni aliniambia hivi: "Yule binti tayari ana mtoto mmoja wa kumvalisha viatu. Asiwe na wawili." Nikwambie hilo sasa, likusaidie au likuumize.

Mfikishie ujumbe huu, tena kwa sauti, asikie kupitia mlangoni: fundi amegoma. Bila hospitali hakuna viatu. Aende kwa mwanawe na ndara za kuogea.

Nitukane ukipenda. Barua zako nitazisoma zote.


29 Mei

Shikamoo Mjomba.

Bado nimekukasirikia, ila hasira nimeiweka chini kwa sasa, maana mikono yangu imejaa. Bonge ameanza kusimama. Mume wangu ameomba ruhusa kazini, yuko nyumbani, anapika vitu ambavyo hata Bonge anavitema.

Ujumbe wako niliufikisha. Baba alicheka ndani humo. "Mwambie mafundi wako wengi." Nikakaa sakafuni nje ya mlango wake. Nikauliza tu, bila ujanja wowote, "Baba, umewahi kukiona?"

"Kuona nini?"

"Hicho kidonda. Kwa macho yako."

"Kinaonekanaje?" akauliza. Mjomba, hakuwahi! Mgongo haumruhusu kuinama, soksi huzivaa kwa kupapasa, wayo hauoni, maumivu hayasikii. Miezi yote hiyo anafua damu kwenye soksi, na inakotoka hajawahi kukuona.

Nilikwenda bafuni nikang'oa kioo ukutani. Nikasukuma mlango, haukuwa umefungwa kwa ufunguo, sijui tangu lini. Nikakiegemeza kioo kwenye kigoda, nikamwambia, "Weka mguu juu hapa." Bonge akaja anatambaa, akakipiga kofi kioo, akidhani kuna mtoto mwenzake ndani. Nikamsogeza. Baba akatazama.

"Huo mguu wa nani?"

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia. Rangi yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Ni wako, Baba."

"Nilidhani ni mchubuko." Akakaa kitandani kama amesukumwa. "Nilidhani ni mchubuko tu."

Alikaa hivyo, mdomo umemlegea, karani aliyesoma hukumu za watu mbele ya umati bila sauti kutetemeka. Kisha akamtaja Mama. Nikamwambia, "Mama hakuuawa na hospitali. Mama tulimchelewesha, Baba. Wewe na mimi na woga wetu."

"Sikutaka uchoke zaidi."

"Nimeshachoka. Niache nichoke nikiwa na baba."

Alinyoosha mkono apewe kofia.

Wameondoa vidole viwili na kipande cha nyama ya pembeni. Mguu upo. Daktari anasema tungengoja harusi, tusingekuwa na cha kuzungumza. Asubuhi iliyofuata Baba aliniuliza kwa sauti ya chini kama fundi bado amegoma. Anasema lastiki bado anaitaka, ila sasa ionekane, iwe ile ya pembetatu, ivutike, maana mguu utakuwa unavimba. Pua ibaki pana. Bitana utie unayoijua wewe.

Na rangi ni ileile. Hapo hataki kusikia la mtu.


26 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo na jeshi lako? Barua yako ilimkuta mkazamjomba mlangoni. Aliifungua yeye, akaisoma akiwa amesimama kwa goti lile bovu, na hakukaa mpaka ikaisha.

Humu kifurushini mna kiatu kimoja, cha kushoto. Usipekue kutafuta cha pili, sijakipoteza. Mguu wa kulia haujaamua umbo lake, na mimi sikisii. Nikishona juu ya bandeji nitakuwa nashona uongo mwingine. Kidonda kikifunga ndipo nitajua pale mbele, penye vidole vilivyoondolewa, nijaze kizibo kiasi gani ili asiyumbe.

Hata kama ni harusi. Mwambie hivyo hivyo.


4 Agosti

Mjomba,

Shikamoo wewe, shikamoo mkazamjomba. Bonge anatembea. Alianza siku mbili baada ya harusi, akaanguka, akasimama, akaanguka juu ya paka wa jirani. Maharusi wamerudi kwao. Mume wangu amerudi barabarani, lakini sasa anapiga simu kila anaposimama kuweka mafuta.

Nataka ujue ilivyokuwa. Nilipofungua kifurushi nikakuta kiatu kimoja nilikutukana, sitakuficha, na nilikutukana mbele ya mtoto. Nikamwonyesha Baba huku najiandaa kumbembeleza. Alikigeuza, akavuta lastiki ikarudi, akatia pua ndani akakinusa. Akasema, "Amefanya sawa."

Alivaa suti. Kushoto kiatu cha damu ya mzee kinachong'aa, kulia bandeji nyeupe, mkononi mkongojo. Tulipoingia ukumbini watu waligeuka. Kitinda mimba wetu tulikuwa tumemwambia vidole tu. Alipouona mguu wenyewe alishika mdomo. Baba wa bibi harusi, mtu mpole, akamkimbilia.

"Mzee mwenzangu! Kiatu kingine kiko wapi?"

Baba akasimama wima. Akatoa ile sauti yake ya mahakamani, ukumbi mzima ukasikia. "Kiko kwa fundi. Kinausubiri mguu. Nilitaka kuwadanganyeni nyote hapa, binti yangu akakataa."

Kisha akanipa mkongojo niushike, akaweka mkono begani kwangu, akatembea nami mpaka mbele kwa mwanawe. Alinilemea, Mjomba. Mzito yule. Na nilitamani ukumbi uwe mrefu zaidi.

Leo asubuhi daktari amefungua bandeji, hakufunga nyingine. Kidonda kimeziba.

Najua unangoja karatasi ya alama. Situmi. Karatasi imeshatudanganya vya kutosha, mimi na wewe. Panda basi uje umpime mwenyewe, uushike mguu ule kwa mikono yako, halafu unitazame na mimi. Mkazamjomba mlete hata kama ni kwa kubebwa, chumba nimeshakisafisha. Yale ya kusemezana tutasemezana hapa, na ukianza kujifanya husikii nitapaza sauti.

Mpwa wako, anayekungoja.